Majani Juu ya Kifaru

Jumamosi ile shemeji yangu Odongo alirudi kutoka kambini akinuka dizeli, kama alivyonuka kila Jumamosi, na dada yangu Zuhura akamkataza kukalia kochi mpaka aoge. Tulikuwa tukiishi Makindye, upande wa mteremko unaotazama bonde la reli, katika nyumba ya baba yetu yenye vyumba vilivyofuatana kama mabehewa. Zuhura na mumewe walikuwa na chumba cha mwisho.

"Rudi ukaoge kwa mke mwenzangu," Zuhura alimwambia.

Mke mwenza alikuwa kifaru. Odongo alikuwa dereva wa kifaru katika jeshi la serikali, naye alikiita Mke Mkubwa kwa sababu alikutana nacho kabla ya kukutana na dada yangu. Alikizungumzia hivyo hata mbele ya baba: Mke Mkubwa leo amegoma, Mke Mkubwa amekunywa mafuta yote ya kambi.

"Mke Mkubwa hagombani na mimi," alijibu akivua viatu mlangoni. "Yeye nakunywa tu, nanyamaza."

Nilikuwa nimekaa uani nikisafisha dinamo. Wakati ule nilikuwa fundi umeme wa magari chini ya banda la mtu mwingine, karibu na geti la kambi. Diploma ilikuwa bado, lakini tayari watu walipitisha magari yao mbele ya mafundi wenye mvi wakaja kwangu, na sikumbuki gari lililoletwa pale likaondoka kwa kusukumwa. Odongo alipenda kunichokoza kwa hilo.

"Wewe natengeneza mikebe, Hamisi. Siku moja nitakuonyesha gari."

Alitoka kaskazini, mtoto wa askari polisi aliyezunguka na familia yake kambi hadi kambi, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi na kisichojali ngeli. Chetu kilikuwa cha nyumbani. Babu wa baba yangu alifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani, na baba alikuwa bado na duka la vitambaa na msimamo mkali kuhusu nani amwoe binti yake. Odongo alitamka shahada, akapewa jina la Idrisa ambalo hakuna aliyelitumia, na mwezi wa Ramadhani akafunga bila kunung'unika, tofauti na mimi niliyezaliwa ndani ya dini. Baba akaridhia.

Jioni ile tulikula wali na maharage uani. Mizinga ilisikika upande wa magharibi, mbali, kama mtu anayeburuta meza ghorofa ya juu. Tulikuwa tumeizoea. Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka. Odongo alimwambia ajaze maji kila chombo ndani ya nyumba, hata birika. Kesho yake akarudi kambini, na hakusema atakuja lini.

Vita vilipofika Makindye, vilifika vyote kwa mkupuo. Sitaeleza siku zile kwa urefu kwa sababu sikuziona. Nilikuwa chini ya kitanda pamoja na dada yangu, na kitu pekee nilichokitazama ni sakafu. Baba alikaa korido akisoma Yasini kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma gazeti.

Kisha asubuhi moja pakawa kimya, na mlango ukagongwa kwa adabu.

Walikuwa vijana wawili wenye mabuti ya mvua na bunduki. Mmoja akauliza nani hapa ni Hamisi, fundi wa umeme.

Zuhura akanishika shati. Sikuwa na la kufanya. Nikasema ni mimi.

"Lete vyombo vyako," akasema. "Shemeji yako anakuita."

Walinipeleka chini, kwenye barabara inayopita nyuma ya kambi. Kambi ilikuwa imeanguka. Pembeni ya barabara, minyororo yake ikiwa imezama nusu kwenye mtaro, kilisimama kifaru, na juu yake alikaa Odongo, miguu mitupu, mikono juu ya magoti. Wenzake walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki kwa sababu betri zilikufa na, kama alivyonieleza baadaye, kwa sababu hakujua pa kukimbilia. Kaskazini palikuwa mbali, na akija nyumbani na sare ile angetuletea risasi.

Kamanda wa wapiganaji alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Alizungumza kama mwalimu. Sikuwahi kujua jina lake; kila mtu alimwita Afande. Alinieleza hali bila kupoteza neno. Watu wake walitoka msituni kwa miguu na hawakuwa na kifaru hata kimoja cha kwao. Kila walichokuwa nacho walikiteka. Dereva walikuwa hawana. Makombora ya kifaru hiki yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo kisingeweza kupiga hata nyumba ya nyasi. Lakini askari wa serikali waliobaki bondeni, karibu na Namuwongo, hawakujua hilo. Wakikiona kinawajia wataondoka wenyewe, na watu wa bonde hawatakufa katikati ya risasi.

"Huyu akikifikisha relini," akasema akimwonyesha Odongo kwa kidevu, "kazi yake imekwisha. Jioni atalala kwa mke wake. Nimemwahidi."

Nikamtazama Odongo. Alitikisa kichwa kidogo kukubali, macho yake kwenye mteremko ulipo mlango wetu.

"Sasa utaona gari," akaniambia.

Kwa kazi ile ninajisifu na sitaomba radhi. Sikuwa nimefundishwa kifaru na mtu yeyote. Nilitoa betri za malori mawili yaliyoachwa getini, nikaziunganisha zipate nguvu iliyotakiwa, nikatengeneza vishikio vya nyaya kwa vipande vya bomba la shaba kwa sababu vya asili vilikuwa vimeliwa na asidi, na Odongo alipobonyeza, Mke Mkubwa akakohoa moshi mweusi akaunguruma. Vijana wa msituni wakarukaruka. Mmoja akanipiga mgongoni nusura nianguke mtaroni. Kwa kuwa nyaya zangu zingeweza kuachia, Afande akaamuru niende nao, nikae nyuma ya mnara wa mzinga.

Sasa lazima nieleze habari ya majani, maana yote yako hapo.

Kifaru cha adui ukikiteka bado kina sura ya adui. Rangi ni ile ile, mlio ni ule ule. Wapiganaji walikuwa na njia rahisi ya kutambuana: kila gari walilolinyang'anya lilifungwa majani mabichi ya mgomba kwenye ncha ya mbele, na mzinga wetu ulifungwa hivyo. Lakini tulipokuwa tunajiandaa kuondoka alikuja mjumbe akihema. Askari wa serikali walikuwa wameshagundua alama hiyo. Lori lao moja lilifunga majani, likaachwa lipite, na lilipofika katikati ya wapiganaji likawafyatulia risasi.

Amri ikabadilika palepale. Majani yatolewe. Kuanzia saa ile, gari lolote lenye majani ni la adui, lipigwe. La kwetu litakuwa tupu kabisa na taa ya mbele ikiwaka mchana.

Taa haikuwaka. Nikaitengeneza nayo. Odongo mwenyewe alipanda juu ya mzinga, akakata kamba, akayatupa majani mtaroni, kisha akazunguka kifaru chote akiokota hata vijani vidogo vilivyonaswa kwenye minyororo, kama mama anavyotoa uchafu kwenye nywele za mtoto. Afande akatuma mtu mbele kwa miguu, kwa kikosi chao kingine kilichozunguka mji na kushika tuta la reli. Ujumbe ulikuwa mfupi: kinakuja kifaru chetu, hakina kitu juu yake, taa inawaka.

Ujumbe ulifika. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu huuliza. Ulifika kama ulivyotumwa.

Kabla ya kuondoka, Afande alimvua Odongo shati la sare akampa fulana na kofia ya mmoja wa vijana. Akamwambia asifungue mdomo mbele ya watu. Sote tulijua kwa nini. Mrefu vile, mweusi vile, na Kiswahili kile, mtu yeyote wa Kampala angejua ametoka wapi na alikuwa jeshi gani. Siku zile askari wa kaskazini walioshikwa mitaani hawakufikishwa kwa mtu yeyote. Tulishaona moshi wa matairi waliyochomewa.

"Wakiniuliza kitu?" Odongo akauliza.

"Cheka," Afande akasema.

Tukateremka, Afande akiwa ameketi kwenye mnara. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya chuma chenye joto, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine juu ya nyaya zangu. Mbele niliona kichwa cha Odongo kimetokeza kwenye tundu la dereva, kofia ikiwa ndogo kwake. Nyumba zilifungwa. Tulipofika bondeni, askari wa serikali waliokuwa nyuma ya bohari walitusikia kabla ya kutuona, na Afande alikuwa amesema kweli: wakaondoka. Niliwaona wakivuka mfereji wameinama, wengine wameacha bunduki. Hakuna risasi iliyopigwa. Nilifikiri moyoni, imekwisha. Tuta la reli lilikuwa mbele yetu, si mbali kuliko kutoka nyumbani kwetu hadi dukani kwa baba.

Ndipo mlango mmoja ukafunguka.

Akatoka mzee mmoja, akatutazama, akaingia ndani. Akatoka tena na mke wake. Kisha milango yote ya Namuwongo ikafunguka pamoja, watu wakamiminika kutoka kwenye vyumba walimofungiwa siku nyingi bila chakula, na sauti iliyotoka kwao sijaisikia tena maishani. Wanawake walipiga vigelegele. Wengine walipiga sufuria. Walipanda juu ya kifaru, wakanikumbatia mimi, fundi wa mikebe, wakaniita mkombozi wao. Odongo akapunguza mwendo asimkanyage mtu. Kisha ikabidi asimame.

Mama mmoja alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Akamnywesha mwenyewe, akishika kidevu chake. "Ssebo, webale," akamwambia. Ahsante, bwana. Wengine walimshika uso. Odongo alicheka kama alivyoambiwa, kisha nikaona kwamba anacheka kwa kweli.

Na wakakata majani.

Ndivyo watu wa Kampala wanavyompokea mshindi. Hawana zulia la kumtandikia, wana matawi. Wakavunja miti ya ua, wakafyeka migomba iliyoota kando ya mfereji, wakaja nayo mabegani. Wakayaweka juu ya mnara, wakayachomeka kwenye minyororo, wakayafunga kwenye mzinga kwa vitambaa vya kichwa.

Afande alisimama akapiga kelele waache. Walimwona anapunga mikono, wakapunga na wao.

Niliruka chini. Jani zima la mgomba lilikuwa limefunika taa. Nikaling'oa. Mwanamke akaweka lingine. Nikamwambia kwa Kiganda, mama, tafadhali, si majani. Akanibusu mkono. Nilikuwa nang'oa, wao wanaweka.

Nikamtazama Odongo. Hakucheka tena. Alikuwa akitazama tuta.

"Shemeji," akasema. "Toka hapo."

Alisahau kwamba asizungumze.

"Hamisi, toka. Toa na hao watu."

Nilimvuta mwanamke aliyekuwa karibu nami. Odongo akakitia kifaru gia, kikarudi nyuma kwa mshtuko, na walioko juu wakaanza kuanguka na kuruka, wakicheka, wakidhani ni mchezo. Alikuwa anakitoa katikati yao. Alirudi nyuma mpaka kwenye uwazi wa mfereji ambako hapakuwa na watu wengi.

Pale wakampiga.

Sikusikia kitu. Niliona majani yote yanaruka juu kwa pamoja.

Kisha nikawa nimekaa chini na sikio langu moja halipo kazini. Halijarudi hadi leo.

Afande alikufa, na watu wanne au zaidi wa mtaa ule, nao ni wachache kuliko ambao wangekufa kama Odongo asingerudi nyuma. Odongo alikuwa bado kitini. Vijana kutoka tutani walishuka wakikimbia, wenye furaha, na waliponiona na kuniuliza mimi ni nani, na nilipowaambia, furaha ikawatoka usoni mmoja baada ya mwingine. Aliyebeba bomba la roketi begani alikuwa mkubwa kidogo kuliko mimi. Akasema, "Lakini kilikuwa na majani." Alisema kama mtu anayeuliza. Kisha akasema tena.

Afande wakampigia saluti na kumbeba kwa blanketi. Odongo wakamwacha kando ya mfereji, kwa kuwa alikuwa mateka na hakuna kikosi kilichokuwa na haki naye. Jeshi lake la zamani lilikwisha siku ileile, na kwa jeshi jipya hakuwa mtu wao. Nilimpeleka nyumbani kwa mkokoteni wa maji. Mmoja wa wale vijana alinisaidia kupandisha mlima, akaniacha getini.

Kwa hiyo alikuja kulala kwa mke wake, kama alivyoahidiwa.

Zuhura hakupiga ukelele. Alitaka kujua kila kitu, nikamwambia kila kitu, hata mama wa maji. Shehe alimwombea kwa jina la Idrisa, akazikwa nyuma ya nyumba, mahali pa kamba ya nguo. Mtoto alizaliwa baada ya hapo, msichana, mrefu kupindukia.

Mimi niliondoka Kampala. Nilifika Nairobi na bisibisi na nguo za mwilini. Nililala chini ya malori niliyokuwa natengeneza, nikasoma jioni na watu walionizidi Kiingereza na kunipungukia akili, nikapata diploma ya umeme wa magari, na jina langu lilisomwa mapema kuliko yao. Niliporudi nilijenga karakana Kawempe. Jina lililo juu ya geti ni langu, na hakuna mjomba, mbunge wala benki iliyonishika mkono. Vijana wangu wanajua sheria za pale. Gari likiharibika njiani huku kwetu, dereva hukata matawi akayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Kwangu hatukati matawi. Nimenunua alama za pembetatu kwa kila gari la karakana. Wanadhani ni maringo ya Nairobi.

Mama yake Odongo alikuja miaka mingi baadaye, kaskazini kulipotulia, kwa sababu vita vya kwao viliendelea muda mrefu baada ya vyetu kwisha. Alikuja na mwanawe mdogo kuchukua mifupa. Alikuwa kikongwe aliyenyooka, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kambini. Niliposikia maneno mafupi ya Odongo kutoka mdomoni mwake, ikabidi nitoke nje kidogo.

Mifupa ilitolewa asubuhi, shehe akiwepo. Baada ya hapo tukakaa sebuleni, yeye na mwanawe, Zuhura, binti yake na mimi. Bibi alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Hamisi. Wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwepo, mama."

"Watu ya Kampala walifanya nini mtoto yangu? Walimpiga?" Akakisogeza kikombe pembeni. "Nilisikia habari ya matairi. Kila siku naona hiyo tairi. Walimzomea?"

Miaka yote ile alikuwa amelala na kuamka na jambo hilo. Habari ya roketi aliletewa tangu mwanzo. Roketi haikumsumbua, mwanawe alikuwa askari. Alichotaka kujua ni kilichotangulia.

"Hapana, mama," nikasema. "Walimshangilia."

"Nani?"

"Watu wote wa mtaa. Mama mmoja alimpa maji kwa mkono wake. Walimshika uso."

"Yeye alicheka?"

"Alicheka."

Alilia basi, kimya, mikono juu ya magoti kama mwanawe alivyoketi siku ile. Kisha akamgeukia mwanawe mdogo akamweleza kwa lugha yao, kwa kirefu. Yule mwanamume alinitazama. Aliwahi kuwa jeshini na yeye, nikaona swali linajipanga usoni pake: kama walimshangilia, nani alimpiga roketi, na kwa nini. Nilisubiri. Zuhura, aliyejua kila kitu, alitazama mikono yake mwenyewe, kisha akauliza nani anataka chai tena. Swali halikuulizwa.

Jioni niliwasindikiza kwenye basi. Kondakta alitaka mzigo uwekwe kwenye buti, bibi akakataa, akaupakata. Alikuwa ameufunga kwa kanga ya Zuhura. Nilisimama chini ya dirisha, upande wa sikio langu zima, nikamsikia akimwambia mwanamke aliyekaa naye, mtu asiyemjua, kwamba huyu ni mtoto wake wa kwanza, alikuwa dereva mkubwa, na Kampala nzima ilitoka nje kumshangilia.

Mwanamke yule akasema pole, na hongera. Kondakta akanipungia mkono nisogee, nikasogea.